Msemaji wa Kinamasi cha Lidewa

Obadia Swalo alikufa jembe likiwa mkononi, na mimi ndiye niliyemuua, ingawa saa ile nilikuwa kituoni juu ya mlima nakunywa chai ya maziwa na kusikiliza kwaya redioni.

Nyigu walimshukia saa tatu asubuhi. Nyigu ndilo jina tulilowapa walinzi wa Lidewa, mashine za kuruka zenye ukubwa wa kanga, ambazo badala ya risasi hutema misumari. Watu wa kijiji chetu cha Ikolongo walikuwa wamewazoea. Miaka yote walipiga filimbi tu na kuzunguka juu ya vichwa. Mtu anawatukana, anabeba jembe lake anaondoka, kesho anarudi. Siku ile hawakupiga filimbi. Obadia aliingiwa na misumari kumi na mmoja, minne shingoni, akaanguka juu ya tuta la maharage alilokuwa akilipalilia. Mkewe, Tukuswiga, alikuwa hatua tano nyuma yake, na hakuguswa hata unywele.

Nilishuka na begi la huduma ya kwanza, upumbavu mtupu, maana kamera ya kituo ilikuwa imeshanionyesha ile shingo. Nilimkuta Tukuswiga amempakata mumewe. Aliangalia mabuti yangu, akaangalia koti, akaangalia begi.

"Sekela," akasema, "nani kawaambia hawa wadudu kwamba mume wangu ni mwuaji?"

Jibu lilikuwa limeshonwa kifuani pangu kwa uzi mweupe: S. CHAULA, MSEMAJI.

Ngoja niseme ilivyokuwa, maana nisiposema mimi watasema wasiojua. Kinamasi cha Lidewa ni mtu, na sisemi kwa mafumbo. Tangu Sheria ya Milima ipite, kinamasi chochote cha mlimani kinachovuta hewa ukaa nyingi kuliko kinayoitoa kina haki tatu: kulindwa, kutibiwa na kujitetea. Kwa kuwa hakina kinywa, kinapewa msemaji. Kila siku saa sita mchana mashine ya mahakama, tunayoiita Wakili, huuliza hali kwa redio, na msemaji hujibu akisema "mimi" huku akimaanisha ekari elfu nne za matope. Kazi hiyo niliifanya miaka saba na niliipenda.

Chini ya nyasi za Lidewa kuna mboji ya kina cha mita tano, majani yaliyokufa miaka elfu tisa iliyopita na hayajaoza mpaka leo. Hayaozi kwa sababu maji yameyafunika, na vijidudu vya kuozesha havipati hewa. Maji yakishuka, hewa inapenya, vijidudu vinaamka na njaa yao ya miaka elfu tisa, na kila vinachokula kinatoka ardhini kama hewa ukaa. Nyasi nazo zikishikwa na kiu hufunga vinyweleo vyake na kuacha kuvuta. Mlaji anaongezeka, mwekaji anapungua, na huhitaji kwenda chuo kujua mwisho wake. Nilikuwa na kengele sitini za kioo zilizofunikwa juu ya nyasi kupima pumzi hiyo, na mabomba ya kupimia kina cha maji. Mwaka wa kwanza wa ukame maji yalishuka shubiri moja. Wa pili, shubiri mbili na nusu. Wa tatu nilitumbukiza kipimo kwenye bomba la katikati kikarudi na vumbi.

Ukame huohuo ndio uliowapandisha watu. Sisi Wakinga tumelima vinyungu tangu zamani, zile bustani za mabondeni za kiangazi, matuta yenye mifereji pembeni, njegere na maharage wakati nchi nzima ni kavu. Mabonde yalipokauka, watu waliufuata unyevu mpaka ukingoni mwa Lidewa. Walichimba ekari ishirini kati ya elfu nne. Kwenye vipimo vyangu, ishirini hizo zilikuwa tone ndani ya pipa. Kengele za kaskazini, ambako hajakanyaga hata mbuzi, zilikuwa zikitoa hewa ukaa sawasawa na za kusini.

Basi ningesema ukame, si ndiyo? Lakini Sheria inasema kinamasi kinachotoa zaidi kuliko kinavyovuta kwa misimu mitatu mfululizo, pasipo mtu anayekidhuru, kinahesabiwa marehemu, na marehemu hana haki. Kinamasi cha Isalile, ng'ambo ya mlima, msemaji wake alikuwa mkweli. Wiki mbili baadaye yalifika matrekta, yakakata mboji kama matofali kwa ajili ya tanuri za mjini, na chemchemi nne za chini zikakauka kabla ya Krismasi. Watu wa Isalile sasa wako kambini wanasubiri boza la maji. Kwa hiyo, msimu wa tatu ulipoisha na Wakili akaniuliza, "Lidewa, nani anakudhuru?" nilijibu, "Watu wa vinyungu."

Nilidhani nyigu wangeongeza filimbi. Ile aya ya kujitetea sikuwa nimeisoma hadi mwisho. Mpaka leo najiona mjinga zaidi kuliko mwovu, lakini Tukuswiga haoni tofauti, wala simlaumu.

*

Walikuja kituoni siku ya tatu baada ya maziko, asubuhi kweupe, watu kama thelathini. Mbele yao alikuwa mdogo wangu, Ambele, mtoto wa mwisho wa mama yetu, ambaye nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ukachubuka.

"Kamwene, dada," alinisalimu, kwa adabu kabisa. Kisha akanipiga mkono wa kulia kwa ubapa wa panga.

Nilisikia mfupa ukikatika kabla sijasikia maumivu. Rafiki yake Yoramu, mpasua mbao mwenye mikono kama mapipa, alinishika koo akanibana ukutani, miguu ikaachana na sakafu. Wengine walikuwa wanavunja. Meza, skrini, picha ya harusi yangu ambayo haikuwakosea lolote. Mtu mmoja alinipiga teke la tumbo akaomba radhi, halafu akanipiga jingine.

"Mwachie kidogo aongee," Ambele akasema.

Yoramu akalegeza. Nilitema damu kwenye koti langu.

"Utasema ukweli redioni," Ambele akasema. "Utasema ni ukame. Wewe unajua ni ukame, uliniambia mwenyewe kwa Mama, tukila."

"Nikisema ukame wanakuja na matrekta."

"Na usiposema wanakuja na misumari. Bora trekta, dada. Trekta nitalisikia likija."

Macho yalimlengalenga, halafu akageuka akawaita wenzake. Waliniacha sakafuni wakaenda kwenye kiota.

Kiota ni kontena la chuma ambamo nyigu hulala na kuchajiwa, hatua mia mbili chini ya kituo, pembeni kabisa mwa kinamasi. Nyigu sita walikuwa doria na sita walikuwa ndani. Nilijiburuta mpaka mlangoni nikaona. Yoramu aliwamwagia petroli ya msumeno kupitia matundu ya hewa, na Ambele akawasha. Aliwasha yeye. Nilimwona akikinga kiberiti kwa viganja kama mtu anayewasha sigara kwenye upepo, akakitupa, akarudi nyuma mbio. Nyigu wawili walitoka wakiwaka. Mmoja alitema msumari uliompasua mtu shavu na kutokea upande wa pili, kabla hawajamwangusha nyigu huyo kwa mawe na kumkatakata kama nyoka. Kisha betri zikalipuka ndani ya kontena, mlango ukang'oka, na makaa yakatawanyika kwenye nyasi kavu kila upande.

Hapo ndipo walipofanya kosa ambalo mtu wa mjini asingelifanya, kwa sababu mtu wa mjini angekimbia. Mkulima wa kinyungu haachi moto wazi. Akishachoma majani juu ya tuta, anakata mabonge ya udongo yenye ukoka, anayafunika juu ya moto, ukoka chini mizizi juu, na kuyagongagonga kwa mgongo wa jembe. Moto unakosa hewa, unakufa, na majivu yanabaki kuwa mbolea. Babu zetu wamefanya hivyo vizazi na vizazi bila kuunguza hata kibanda, kwenye mabonde ya mfinyanzi. Lidewa si mfinyanzi. Ukilikausha bonge la Lidewa na kulitia jikoni, litachemsha maharage mpaka yaive.

Niliwaona wakikata mabonge hayo na kuufukia moto, kwa nidhamu, kila mtu na eneo lake, bila kuruka cheche moja. Ilikuwa kazi safi. Niliita kwa sauti iliyobaki kwamba wasifukie, wachimbe mfereji mpaka wafike kwenye mfinyanzi, wautenge ule moto na mboji.

"Dada," Ambele alinijibu kutoka kule, "hata kufukia moto unataka kunifundisha?"

Wenzake wakacheka. Waliondoka wakiwa wamebeba yule nyigu aliyekatwakatwa, wakiimba, na nyuma yao hapakuwa na moshi hata kidogo.

*

Moshi ulitokea siku ya nne baada ya hapo, mita sabini kutoka pale walipofukia. Haukuwa moshi mwingi. Ulikuwa unatoka kwenye nyufa za ardhi, wa manjano, unaonuka kama nywele zilizoungua. Kengele za kioo za upande ule zilikuwa zimepasuka, na zile zilizobaki zilionyesha pumzi mara arobaini ya kawaida.

Nilishuka nikiwa nimefunga mkono kwa leso. Vinyunguni kulikuwa na watu kama arobaini, wanavuna njegere mbichi harakaharaka kabla mambo hayajaharibika zaidi. Mama alikuwepo, amejifunga kibwebwe, hakuinua kichwa. Tukuswiga alikuwepo, anavuna tuta la marehemu. Juu yao nyigu sita waliosalia walikuwa wanazunguka kimya. Kwa shtaka la kwanza walikuwa na ruhusa ya mtu mmoja tu, kama onyo, na walishaitumia. Sasa walikuwa wanasubiri neno jingine.

"Tokeni humu," nikawaambia. "Moto uko chini."

"Chini wapi?" Yoramu akauliza. Alikuwa amesimama kwenye nyasi za kijani, kiroba begani, na ndicho alichokuwa anasema alipozama.

Ardhi ilimpokea mpaka kiunoni. Ilikuwa tupu chini yake, imeliwa ikabaki ganda, na ndani ya shimo kulikuwa na jivu jekundu. Sijawahi kusikia mwanaume akilia vile na naomba nisisikie tena. Ambele alilala kifudifudi akamshika kwapani, mimi nikamshika Ambele mguu kwa mkono wangu mzima, wengine wakanishika mimi. Tulipomtoa, mabuti yalibaki shimoni na ngozi ya miguu ikabaki ndani ya mabuti. Viganja vya Ambele vilikuwa vimeiva. Yoramu alichukua saa nzima kufa. Aliomba maji muda wote, na sisi watu arobaini tulikuwa na nusu chupa.

Wakati anakufa nilipima. Moto ulikuwa unatembea kuelekea mashariki, liliko jicho la chemchemi ya Ikolongo, na kwa mwendo ule ungefika kesho kutwa. Huo moto haukuwa wa kufukia wala wa kupigwa kwa matawi. Dawa yake ni moja, maji mengi, na maji hayo yalikuwepo. Juu ya kituo kuna Bwawa la Ukungu, linalojazwa na nyavu za kukinga mawingu, na mfereji wake unashuka moja kwa moja mpaka Lidewa. Komeo liko mikononi mwa Wakili. Maji hutolewa kwa kiumbe aliyedhuriwa, yaani mhanga. Marehemu hapewi.

Saa sita kamili redio ya kiunoni ikalia.

"Lidewa, habari ya mchana. Pumzi yako imepanda mara arobaini. Nani anakudhuru?"

Ambele alikuja akachuchumaa karibu yangu. Panga alikuwa amelishika kwa vidole viwili, maana viganja havikunjiki.

"Ukisema ukame?" akauliza.

"Nitahesabiwa marehemu. Bwawa halifunguliwi. Moto utaila chemchemi, halafu yatakuja matrekta kuchukua utakachobakiza."

"Na ukisema watu?"

"Maji yanafunguliwa. Na mara ya pili hakuna onyo, nyigu wanachukua wote walio humu."

Aliangalia matuta. Mama alikuwa amemfunika Yoramu uso kwa kitenge chake na kubaki na gauni tupu. Nikabonyeza redio.

"Anayenidhuru ni Sekela Chaula," nikasema. "Nilitoa taarifa ya uongo, mtu akauawa, na moto huu umetokana na kifo hicho."

"Sekela Chaula ni msemaji wako," Wakili akajibu, kwa sauti yake ya upole ya mtangazaji wa mazishi. "Msemaji ni wewe mwenyewe, Lidewa. Anayejidhuru mwenyewe anahesabiwa sawa na anayekufa kwa ukame. Je, unathibitisha kifo?"

"Sithibitishi."

"Basi taja mwingine. Una dakika tatu."

"Mtaje Yoramu," Ambele akanong'ona. "Si ameshakufa? Hatoumia tena."

Wazo lilikuwa zuri na nilimshukuru kwa macho. Nikamtaja. Nyigu mmoja akashuka akaelea juu ya kile kitenge, akapanda tena.

"Yoramu hana mapigo ya moyo. Anayetajwa lazima awe mtu anayeweza kuzuiwa. Dakika mbili."

Nilimwona Ambele akitafuta kichwani mwake, jina moja baada ya jingine, na nilijua hawezi kulipata, kwa kuwa nami nilikuwa nimeshapita humohumo. Ningeweza kutaja yeyote kati ya wale arobaini. Ningeweza kumtaja Tukuswiga, akamfuata mumewe. Aliyewasha kiberiti alikuwa mmoja.

Akanisoma. Tumelala kitanda kimoja utotoni, tumeugua surua pamoja, hahitaji kuambiwa.

"Usiseme, dada," akasema.

"Ambele."

"Nina watoto watatu. Mdogo hajaanza kutembea. Usiseme."

"Kuna Mama humu. Kuna hawa wote. Kuna hao watoto wako, watakunywa nini?"

"Sema ukame. Tutahama. Watu wanahama, si mwisho wa dunia. Isalile walihama."

"Dakika moja," Wakili akasema.

Aliinuka. Aliliinua panga kwa mikono yote miwili, kwa viganja vile vilivyoungua, ngozi ikapasuka kwenye mpini, na usoni hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na hofu tu. Sikuwahi kumwogopa mdogo wangu maishani mwangu, hata siku aliponivunja mkono. Siku ile nilimwogopa.

"Ambele Chaula," nikasema redioni.

Mpaka leo sijui kama nililitaja kwa ajili ya watu arobaini au kwa ajili ya lile panga. Nimejiuliza nikiwa nafua, nikiwa kanisani, nikiwa nakula, na kila siku napata jibu tofauti.

Nyigu wote sita walishuka kwa pamoja. Nilimkumbatia, naapa nilimkumbatia, nilimfunika kichwa kwa mkono wangu mmoja na kifua kwa kifua changu, nikidhani hawatampiga kupitia mtu mwingine. Hawakupiga kupitia kwangu. Misumari iliingia kati ya vidole vyangu, chini ya kwapa langu, kando ya shavu langu, kila mmoja mahali pake, na mimi sikupata mchubuko. Alikuwa mzito ghafla. Panga lilianguka nyuma ya mgongo wangu kwenye njegere.

"Pole, Lidewa," Wakili akasema. "Matibabu yanafunguliwa."

*

Maji yalifika alasiri. Yalishuka mferejini yakiwa ya kahawia, yanasukuma majani na vyura waliokufa, na watu walewale waliokuja kunipiga waliyapokea kwa majembe. Hakuna anayejua kuongoza maji kama mkulima wa kinyungu. Walifungua mifereji, wakaziba mingine, wakayapeleka moja kwa moja kwenye nyufa za moshi, na ardhi ikachemka na kupiga kelele kama sufuria. Hakuna aliyenisemesha wala aliyenigusa. Tukuswiga alinipa jembe, nikachimba kwa mkono mmoja mpaka jua likatua.

Moto ulizimika mita thelathini kabla ya chemchemi. Asubuhi yake kengele chache zilizobaki zilionyesha pumzi imeshuka, na kule Ikolongo jicho la chemchemi, lililokuwa limebaki kudondosha matone, likaanza kutiririka. Watu walitoka na ndoo. Walipanga foleni kwa utulivu, wakapisha, wakasema ndoo ya kwanza iende msibani.

Wanaume wa ukoo walikuwa wamekuja kumwosha Ambele, kama desturi ilivyo. Mama aliwasimamisha mlangoni. "Alipozaliwa nilimwosha mimi, wa kwanza," akawaambia, "nitamwosha na wa mwisho." Wakaondoka. Kisha akaniita mimi, kwa jina, mara ya kwanza tangu jana yake, akanipa jagi.

Mwili ulikuwa juu ya mkeka. Mama alikuwa ameshang'oa misumari yote usiku kucha, peke yake, kwa koleo ya baba. Alipiga magoti akashika kitambaa. Alikuwepo pale vinyunguni, alilisikia jina na sauti iliyolitaja.

Niliinamisha jagi. Mkono mmoja haukulimudi, maji yakatoka mengi kwa mara moja, yakampita Ambele kifuani yakaenda sakafuni.

"Taratibu, Sekela," Mama akasema, bila kunitazama. "Usiyamwage. Watu wako nje wanayasubiri."